Wiki Yangu ya Uchaplaini

Jumatano, 5 Machi

Hospitali itapata chaplaini wa kudumu Jumatatu. Amesema mkurugenzi, Daktari Sihite, saa nne asubuhi, mlangoni pa ofisi yake. Tunaowania ni wawili. Mchungaji Rosinta Pakpahan, anayeishikilia nafasi hiyo kwa muda, mwaka wa tatu sasa. Na mimi, mchungaji wa usharika hapa Tarutung. Rosinta yuko Balige, amefiwa na shangazi, atarudi Jumapili jioni. Nimejitolea kumshikia zamu. Mkurugenzi ameshukuru. Rosinta pia. Maskini!

Usharika umenichosha. Wazee wa kanisa kumi na wanane, kila mmoja na maoni yake juu ya mahubiri yangu. Mgonjwa hawezi kuitisha kikao.

Rosinta amepiga simu. Kazi ni kukaa na kusikiliza, amesema, na neno la chumbani libaki chumbani. Nimemjibu kwamba nina miaka kumi na tisa ya uchungaji, dada. Akasema ndiyo maana amepiga.

Alhamisi, 6 Machi

Wagonjwa ishirini na mmoja kabla ya chakula cha mchana! Rosinta huona wanne. Mahubiri ya dakika tatu kila kitanda. Mmoja alikuwa Mwislamu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaomba nimwitie nesi. Mwingine alikuwa amelala. Nimemhesabu.

Chumba cha sita: Baba Lamria, wa ukoo wa Hutabarat, fundi wa paa, anasali kanisa la ng'ambo ya mto, si kwetu. Alinishika mkono, hakuuachia. Moyo umechoka. Tarehe 17 anapasuliwa Medan, na daktari hakumficha: huenda asiamke. Binti yake Lamria anaolewa Alhamisi ijayo. Nyumbani wanaamini yuko Siantar kwenye kazi ya paa. Ameomba ruhusa ya siku mbili, asimame, awafunike binti na mkwe kwa ulos, vazi la baraka, kisha aende zake. Ukoo ukijua, harusi itaahirishwa. Ameniapisha. Nimeapa.

Jumamosi, 8 Machi

Matangazo ya kesho. Mkurugenzi husali kwetu, lazima asikie nilivyofanya kazi. Nimepanga wagonjwa wote wa kuombewa, kwa namba. Nilipofika kwa Baba Lamria kalamu ikasita. Nikimwacha wanabaki ishirini. Ishirini na mmoja inasikika vizuri zaidi.

Nimepata njia! Jina sitaji. Nimeandika: ndugu mmoja wa ukoo wa Hutabarat, fundi wa paa, anayeozesha Alhamisi, aombewe kabla ya kupasuliwa moyo. Jamaa zake wasisumbuliwe, maana hawajui.

Siri imelindwa.

Jumapili, 9 Machi

Mzee wa kanisa Gomgom husoma polepole, kidole kwenye karatasi. Alipofika namba kumi na tano nikamwona Mama Sahala, safu ya tatu. Dada yake Baba Lamria! Hakosi ibada hata moja. Nimemsahau vipi?

Nikakohoa. Gomgom akapandisha sauti. Nikamnong'oneza aruke namba kumi na sita. Akaniuliza, kipaza sauti kikiwa wazi, "Ipi, Baba Mchungaji? Hii ya fundi wa paa?" Akaisoma. Akairudia kwa ajili ya walio nyuma.

Mama Sahala akasimama. "Huyo si kaka yangu? Paa gani la Siantar lina kitanda cha hospitali?" Safu tatu zikatoka naye. Mkurugenzi alikuwa akitazama viatu vyake.

Saa nane mchana, chumba cha sita: watu arobaini, sufuria mbili za samaki. Koo mbili zikaketi kikao kuzunguka kitanda. Uamuzi: harusi isubiri baba apone. Lamria alimwuliza baba yake kama alitaka yeye acheze harusini huku baba anakufa. Baba Lamria alinitazama mimi.

"Nilikwambia wewe, Mchungaji. Sikuliambia kanisa."

Kisha akageukia ukutani. Nikaomba. Hakuna aliyeitikia amina.

Jumatatu, 10 Machi

Rosinta amepewa kazi. Hakuwepo hata kupongezwa. Alikuwa chumba cha sita tangu alfajiri, mlango umefungwa. Baadaye akamwita Lamria. Nimesubiri nje dakika hamsini. Alipotoka nikamwuliza wamezungumza nini. "Hujambo, Mchungaji," akasema, akapita. Dakika hamsini kwa mgonjwa mmoja!

Saa tano Lamria amewatangazia wa ukoo wake kwamba anaolewa Alhamisi hii hii, baba akiwa ameketi kitini, na asiyetaka abaki kwake. Wamegomba saa nzima. Wamekubali. Bila tangazo langu, nani angefikiria kiti? Hakuna aliyenishukuru.

Mchana nimesikia kwamba gereza nalo linatafuta chaplaini. Wafungwa mia mbili na kumi na wawili! Nimeshaanza orodha ya maombi ya Jumapili. Majina sitaji. Makosa tu, na kijiji anachotoka mtu.

Usaili ni Jumatano, saa tatu asubuhi.