Siku Sita Kabla ya Gauni Jeupe

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwisha! Mke wangu Sieni amepiga simu kutoka Auckland anakofua mashuka ya hospitali. Anatua Jumamosi, kuwahi Jumapili ya Watoto. Akauliza binti yetu Leitu anaendeleaje na choo. Nikamwambia mke wangu, hayo mambo ya zamani, mtoto ameacha nepi tangu Agosti. Wakati nasema hivyo Leitu alikuwa amesimama juu ya mkeka wa wageni, anakojoa, ananitazama usoni.

Na dada yake Sieni, shemeji Makerita, alikuwa anapita. Nyumba yetu haina kuta. Hapa kisiwani Savai'i, Samoa, huwezi kudanganya bila shahidi. Akasema shemeji, uongo huu utakutokea puani. Jumapili watoto wote wanasimama mbele ya kanisa na nguo nyeupe. Leitu akilowa mbele ya mama yake, anahamia kwake Makerita mpaka Sieni amalize mkataba. Mama mkwe ameshakubali. Eti Ropati wa Makerita ni mdogo kuliko Leitu na anakwenda chooni mwenyewe.

Ropati! Mtoto gani yule, anatembea kama mzee wa kanisa.

Leitu hapati usingizi mpaka alale kifuani pangu. Hawamchukui. Siku sita ni nyingi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimenunua poti nyekundu, ya mtoto kujisaidia. Leitu ameipenda mno. Ameivaa kichwani mpaka saa kumi. Alipoivua, kuku akaingia akataga. Sasa anaatamia humo na amenidonoa mara tatu. Makerita akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, anakokaa na mama mkwe, akauliza kuku naye ameacha nepi lini.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbinu mpya: akikojoa kwenye poti, apewe pipi moja. (Kuku nimemhamisha kwa nguvu.) Mtoto ana akili ya biashara! Tone moja, pipi. Tone jingine, pipi. Kufika saa tano amekula pipi kumi na tisa na kibofu bado kimejaa. Kilifunguka baadaye, juu ya mto wangu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Aibu gani hii! Baragumu la sala ya jioni limelia. Saa hiyo kila mtu yuko ndani, kimya, barabarani hapiti hata mbwa. Leitu akanivuta shati akasema baba, kojo. Amesema mwenyewe! Mara ya kwanza maishani!

Sasa nifanye nini? Choo tunachotumia ni cha mama mkwe, ng'ambo ya barabara. Chetu huwa nasema nitachimba. Nikambeba mgongoni, nikatoka mbio. Vijana wa zamu ya kulinda sala wakanizuia katikati ya barabara. Nikawaeleza kwa ishara, maana kusema ni marufuku. Mmoja akadhani nacheza ngoma. Leitu akamaliza shughuli pale pale, joto likanishuka mpaka kisigino.

Faini ni katoni mbili za samaki wa kopo, kwa baraza la kijiji. Hiyo sikuililia. Nililia kwa sababu alisema, na mimi sikumfikisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimegundua njama. Kila alasiri, nikijinyoosha kidogo, Makerita huja kumchukua Leitu, eti akajifunze mstari wake wa kanisani pamoja na Ropati. Leo nikajifanya nimelala, nikawafuata, nikajibanza kwenye migomba. Nikaona kwa macho yangu: Leitu anapewa dafu zima! Anywe yote! Basi ndiyo maana mtoto analowa. Nilitaka kubaki nione zaidi lakini nilikuwa nimekanyaga siafu.

Haya. Wajanja tuko wengi. Nimenunua nepi. Jumapili atavaa mbili chini ya gauni. Gauni lina marinda, nani atajua?

Jumamosi, 12 Oktoba

Sieni amefika. Leitu alijificha nyuma ya mguu wangu, kisha akamrukia shingoni. Sieni akamkagua, akampapasa, mkavu. Akaniambia hongera mume wangu, nilikuwa siamini. Akalia. Nikaona haya. Ikapita.

Mtoto ameshinda mkavu kutwa nzima. Bahati tu. Nepi ziko palepale.

Jumapili, 13 Oktoba

Asubuhi Leitu alinipiga mateke. Akasema yeye si mtoto mchanga. Nikamwambia nyamaza, baba anajua. Nikamfunga zote mbili.

Kanisa limejaa pomoni. Ropati akasema mstari wake bila kumeza mate. Akafuata Leitu. Maikrofoni ikashushwa. Akasema nusu ya mstari, vizuri kabisa, akanyamaza. Kisha kanisa zima likasikia: kojo!

Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amepandisha gauni, anavua nepi. Ya kwanza. Ya pili. Akampa mchungaji, akamwambia shika. Akashuka mwenyewe, akamshika Makerita mkono, wakatoka. Akarudi mkavu, gauni jeupe halina doa, akamalizia mstari. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likaanguka darini.

Sieni hakupiga. Aliziangalia nepi mikononi mwa mchungaji, kisha akaniangalia mimi.

Mchana, watoto wanakula kwanza na wakubwa tunawaandalia, Sieni akamuuliza Leitu nani kamfundisha choo. Leitu, mdomo umejaa shelisheli, akajibu mama mkubwa. Unakunywa dafu, unangoja, unakimbia. Baba analala.

Loo!

Sieni hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema mtoto hakulowa, kwa hiyo hahami kwa kulowa. Anahama kwa sababu yangu mimi. Nisingemdanganya, nisingekuwa na haja ya kumfunga mtoto nepi mbele ya Mungu. Leitu atarudi siku choo chetu kitakaposimama, na yeye Sieni akiwa Auckland hatakuwa na la kutegemea ila neno langu. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, toka moyoni.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sieni ameondoka juzi. Leitu yuko ng'ambo ya barabara. Namwona akitoka chooni, ananipungia mkono, anaita baba njoo uone. Mkeka wangu mkavu. Nauchukia. Nikilala, kifua chepesi mno, sipati usingizi.

Leo asubuhi Sieni amepiga simu. Akauliza choo kimefikia wapi. Nikamwambia kimekwisha mke wangu, bado mlango tu.

Nikakata simu, nikavuka barabara, nikamwomba shemeji Makerita aniazime sepetu.