Mkwe Aliyetoka Kununua Maziwa

Redio alianza kutangaza habari akiwa bado ng'ambo ya barabara. Hangoji kufika, na ndiyo maana tulimwita hivyo, ingawa kitambulisho chake kinasema Nyongesa. Kwenye benchi letu hapa Kayole, nyuma ya yadi ya mbao karibu na Spine Road, hakuna anayetumia jina lake. Ukinywa kikombe cha kwanza cha kahawa ya Mahmud unabatizwa, na jina la kwenu unaliacha kwenu. Hatuulizani. Tuliwahi kukaa na mtu miaka sita, na siku ya mazishi yake tukapita kaburi mara mbili kwa sababu hatukulijua jina lililoandikwa msalabani.

"Kuna msee wa Kware amepotea," Redio alisema, akijibana kwenye benchi. "Siku ya kumi na moja leo. Jackton Owuor, fundi wa makochi. Ana bibi, ana watoto wawili, hana adui."

"Mtu asiye na adui hajafanya kazi vizuri," akasema Profesa. Huyu alikuwa karani wa reli, na tangu astaafu hana wa kumsahihisha isipokuwa sisi.

"Alitoka kwa nyumba saa kumi na mbili jioni, akasema anaenda kununua maziwa. Hajaonekana tena."

Sasa nikwambie mapema, usije ukasema nilikuficha. Jackton Owuor alikuwa ameketi kati yangu na Profesa. Alifika kijiweni siku nane kabla, akaomba kahawa, akaipuliza mpaka ikapoa kabisa ndipo akainywa, nasi tukamwita Pole Pole. Alikuwa akibeba mbao pale yadi. Kama unashangaa tulivyoshindwa kumtambua, laumu picha. Ile iliyokuwa kwenye simu ya Redio ilikuwa ya harusi, miaka ishirini iliyopita, kijana mwembamba mwenye nywele, anacheka meno yote. Sisi tulikuwa na mzee wa upara na kitambi ambaye hakuwa amecheka hata mara moja.

Simu ilizunguka. Ilipomfikia Pole Pole, aliishika kwa muda mrefu kuliko sisi wote.

"Alikuwa mtanashati," akasema, akaipitisha.

Profesa alifungua kikao. Kwa maoni yake mtu huyo alikuwa amebebwa na gari jeupe lisilo na namba, na aliyatamka hayo kwa sauti ya chini huku akitazama gari jeupe lililoegeshwa mbele ya kinyozi, ambalo sote tunajua ni la kubeba mikate. Redio akamuuliza serikali itamfanyia nini fundi wa makochi. Profesa akasema hata serikali hukaa.

"Mimi nawaambia yuko Kware bado," Redio akasema. "Mmewahi kuingia hizo majumba? Gorofa nane, milango yote kijani, na siku hiyo stima ilikuwa imepotea. Buda amerudi na maziwa yake, amehesabu ngazi vibaya, ameingia gorofa ya sita badala ya saba. Amekuta mama anapika kwa giza. Mama amemwekea ugali. Asubuhi stima imerudi, wakaangaliana, wakaona tayari wamezoeana."

"Na bwana wa huyo mama?"

"Huyo naye yuko gorofa ya tano."

Hapo wote tukamgeukia Mahmud, maana hakuwa amesema neno, na mwenye birika ana haki yake ya kura. Akaweka vikombe chini kwa hasira. Alisema kila mtu akipotea Nairobi hii anaulizwa yeye habari za majini, na yeye amezaliwa Majengo ya hapa hapa, Pwani amekwenda mara mbili, zote harusi, na jini pekee anayemjua ni askari wa kaunti anayekuja kumhamisha kila mwezi. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza kwamba maziwa jioni si mazuri, hilo hata mamake alisema.

Ikabaki zamu yangu. Nikasema, kama mtu mzima anayeijua dunia, kwamba Jackton ana mwanamke Mathare, na kwamba maziwa hayo yalikuwa ya mtoto wa huko.

"Huyo si mtu wa wanawake," Pole Pole akasema.

"Unamjua?"

"Namwona tu hapo kwa picha. Uso wake ni wa mtu wa nyumba moja."

"Hao ndio wabaya zaidi," nikamjibu. Namwomba Mungu anisamehe, maana nilimpigapiga begani nikisema hivyo.

Redio alikuwa na akiba. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la kumtafuta Jackton, watu mia mbili na kitu, naye alikuwa mle ndani. Humo mama mkwe wa Jackton alikuwa ametuma sauti asubuhi hiyo. Redio akaiweka juu kabisa.

"Mimi nilikuja Nairobi kuonwa macho," ilisema sauti ya mama mzee, polepole. "Nikaingia kwa nyumba, mkwe wangu akanisalimia akiangalia ukuta. Mtoto mwenye heshima. Akasema anaenda maziwa. Sasa macho imepona, naona kila kitu, yeye ndiye sioni. Nimesema sirudi nyumbani. Nitakaa hapa Kware mpaka Owuor aletwe. Na asipopatikana, ndugu zake wanakuja kuchukua nguo zake, Jumamosi wazike yago huko nyumbani, tulie, tujue moja."

Redio akauliza yago ni nani, na kwa nini anazikwa na yeye hajapotea. Profesa akamweleza kwamba ni tunda la mti, refu, zito, na kwamba kwa Wajaluo mtu akipotea na mwili usionekane, tunda hilo huzikwa mahali pake. Likishafunikwa udongo, mwenyewe amekufa.

"Kwetu ni mgomba," Redio akasema. "Na akirudi baadaye?"

"Nani atamfungulia lango? Huyo si mtu tena."

"Hata akiwa na kitambulisho?"

"Kitambulisho ni cha serikali. Yago ni la ukoo."

Tulisikia kikombe kikianguka. Kahawa ya Pole Pole ilikuwa juu ya viatu vyangu, naye alikuwa amesimama.

"Rudisha hapo," alimwambia Redio. "Hapo amesema harudi nyumbani."

Redio akarudisha. Akaombwa tena. Mara ya tatu Pole Pole akaketi, akajishika kichwa.

"Mimi nangoja aende ndio nirudi," alisema. "Na yeye anangoja nirudi ndio aende."

Redio alitazama picha, akamtazama yeye, akaziba nywele za kwenye picha kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Manze."

Pole Pole alitueleza yote, na kwa siku nane hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nyumba yake ni chumba kimoja, kitanda na pazia. Mama mkwe alikuja bila kupiga simu. Na mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hilo halina mjadala, akasema, ni afadhali ulale mtoni.

"Si ungemwambia bibi yako?" nikauliza.

"Mbele ya mamake? Niseme mama yako ananifukuza kwa nyumba? Nilimkonyeza tu, atoke nje tuongee."

"Akasema?"

"Bibi yangu Perez amezaliwa hapa Nairobi, Jericho, ishara za mila hajui. Akaniambia, kumbe hata wewe jicho linakusumbua, kesho mtaenda kliniki wote wawili."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Halafu nikaona macho yake yamelowa, nikaona aibu.

Alikuwa amehesabu kwamba mama atakaa siku mbili tu. Lakini kliniki za macho, alivyozijua, humwambia mtu arudi Jumatatu, kisha Alhamisi. Simu aliiacha nyumbani kwa chaja. Siku ya tano akasikia mtu kwenye kituo cha matatu akisema anatafutwa, na woga ukamwingia.

"Siku ya kwanza unarudi na maziwa," alisema. "Siku ya tano unarudi na nini? Nikabaki hapa, nalala kwa vumbi la mbao. Na sasa Jumamosi nazikwa."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Redio akaandika haraka kwenye kundi kwamba Jackton amepatikana, yuko Kayole, ni mzima, anakunywa kahawa. Dakika haikupita akatolewa kundini. Ikabidi akiri kwamba alikuwa ameshampata Jackton mara tatu tangu asubuhi, mara moja Mathare na mara mbili Uganda. Profesa akapendekeza barua. Mahmud hakupendekeza kitu, alimnyang'anya Redio simu akampa Pole Pole.

"Namba ya mkeo unayo kichwani?"

Alikuwa nayo. Aliibonyeza, na Redio, ambaye hajui siri ni mnyama gani, akaongeza sauti ili wote tusikie.

"Nani?" mwanamke akauliza.

"Ni mimi."

Kulikuwa na kilio, halafu matusi machache ya Jericho ambayo sitayaandika, halafu kilio tena. Pole Pole alingoja yote yaishe. Alimwambia yuko mzima. Alimwambia hakuna mwanamke, hakuna gari jeupe. Alimwambia hakuweza kulala paa moja na mama.

Tulimsikia Perez akipenga kamasi.

"Owuor," akasema, "nani alikwambia mama analala hapa?"

"Si alikuja na mkoba?"

"Mama anajua mila kukushinda. Ulipotoka tu, alibeba huo mkoba wake akaenda kwa Maurine, mlango wa pili. Analala huko siku zote kumi na moja. Hapa ni mimi na watoto. Upande wako wa kitanda hakuna mtu amelala."

Pole Pole alisimama.

"Nakuja," akasema.

Alimrudishia Redio simu, akajikung'uta vumbi la mbao magotini, akashika njia ya Kware. Alianza kwa kutembea. Alipofika kwa kinyozi tukamwona anakimbia, kitambi na upara na yote. Tulimtazama mpaka akapotea kwenye watu.

Mahmud aliokota kikombe, akakisuuza.

"Mimi mama mkwe naishi naye nyumba moja mwaka wa tisa," alisema. "Tunagombana asubuhi mpaka jioni. Lakini kwetu hajapotea mtu."