Historia Rasmi ya Kujitenga Kwetu

Ofisi ya Katibu Mkuu inapenda kuutangazia ulimwengu, pamoja na sayari jirani, historia rasmi ya Jumuiya ya Theosofia Asilia. Katibu Mkuu ni mimi.

Tulizaliwa kwa kujitenga. Kule Jumuiya Mama ya Theosofia, elimu ya siri za kiroho, tulifundishwa kwamba binadamu wote ni ndugu, na kwamba wapo Walimu Wasioonekana wanaotuongoza kimyakimya. Siku moja Mwenyekiti wetu alimsikia Mwalimu mmoja akimwambia, "Wewe ndiye unayefaa kuongoza." Wale ndugu wakamwuliza, "Una ushahidi gani?" Utovu wa adabu ulioje! Tukatoka wachache, tukaandika katiba ya ibara moja: sauti ya Mwalimu haidaiwi ushahidi, na atakayeudai amejifukuza mwenyewe.

Makao Makuu yakawa sebule ya shemeji yake Mwenyekiti, mjane wa kaka yake, fundi cherehani. Naye tulimwandikisha ili akidi itimie. Mwalimu akaendelea kunena, kila mara kwa kinywa cha Mwenyekiti: Mwenyekiti apewe kiti chenye mto, sisi wengine mkeka unatutosha. Sisi ni nani tubishe?

Ndipo ikaja hoja ya cherehani. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na fundi alikuwa na rundo la sare za kushona. Hizo ndizo zingemlisha yeye na wanawe muhula mzima. Mwenyekiti alifumba macho, akafumbua.

"Mwalimu amesema hiyo mashine inavuruga mitetemo ya kiroho. Itolewe nje."

"Nje wapi, shemeji? Na mvua yote hii?"

"Si mimi, shemeji. Ni Mwalimu."

Nilimhurumia sana, lakini kiofisi. Tukaingia kwenye kimya cha kuidhinisha. Fundi, uzi ungali mdomoni, naye akafumba macho.

"Mwalimu amesema cherehani ibaki. Anayetoka ni Mwenyekiti."

Mwenyekiti aliruka utadhani amekalia sindano. "Wee! Una ushahidi gani?"

Maskini, lilimtoka. Tukatazamana. Mweka hazina akakohoa. Mimi, kwa masikitiko makubwa na sauti ya kusikika, nikaisoma ibara.

"Katibu, hata wewe?"

"Si mimi, mzee. Ni katiba."

Akanyanyuka, mto kwapani.

"Mto uache, shemeji," fundi akamwambia. "Huo ni wa nyumba."

Nasikia alirudi Jumuiya Mama, akawaambia Mwalimu ndiye aliyemtuma. Walimkumbatia kindugu, kisha wakamsimamisha mlangoni mpaka alete ushahidi.

Ofisi yangu haina upande. Uaminifu wangu ni kwa kiti, si kwa anayekikalia. Mwenyekiti mpya amesema Katibu Mkuu atashona vifungo vya mashati yote kabla ya Jumatatu. Nilitaka kumwuliza kama hayo kayasema Mwalimu au ni yeye tu. Nikaikumbuka ibara, nikatunga uzi kwenye sindano.