Ngazi Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu, 8 Septemba
Siku ya michezo ni Jumamosi. Goti langu la kushoto limekwisha kujua. Linauma tangu alfajiri. Bweni ninalolilea liko kileleni mwa shule, ngazi mia na kumi na mbili juu ya bwalo. Bweni la mwalimu wa hesabu liko chini, hatua tisa kutoka kwenye chai. Kwa desturi ya hapa, bweni linaloshinda mbio za kupokezana kijiti huchagua jengo la kukaa mwaka mzima, na mlezi wake huhama nalo. Yeye amechagua mara tatu mfululizo. Leo nilipoingia bwaloni nikihema, alinyanyuka mbele ya walimu wote kunipisha kiti. Karibu Mama Mawinguni, akasema, malaika hawajambo? Wote walicheka. Nami nilicheka, kwa kulinda hadhi ya taaluma.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata wazo! Mbio huanzia getini na kupanda hadi mlingoti wa bendera. Kwa nini zipande? Mabinti zangu wana miaka mitatu wakiuteremka mlima huu kila asubuhi, kwa kasi ya watu waliochelewa chai. Zikigeuzwa... Nimejiuliza kama huu ni ulaghai au ni haki iliyokawia. Nimetafakari kwa dakika nne. Ni haki. Huenda.

Jumatano, 10 Septemba
Nilimwendea mwalimu mkuu. Nikamweleza kwamba mgeni rasmi ni mama mstaafu, na si adabu kumpandisha mlima. Akae getini, mbio zimfuate. Kijiti akabidhiwe palepale, maana hapa mshindi si anayekata utepe, bali anayekitia kijiti mkononi mwa mgeni. Mkuu alilipenda wazo langu kiasi kwamba, kwenye kikao cha saa nne, lilikuwa lake. Sikukereka. Mwalimu wa hesabu alitaka kuzungumzia mwinamo wa njia. Mkuu akamkata: Mwalimu, mgeni si mlinganyo. Nimeyaandika maneno haya ili niyasome siku za huzuni.

Alhamisi, 11 Septemba
Majaribio. Mkimbiaji wetu wa mwisho ni binti wa kidato cha pili. Wenzake humwita Risasi. Mbio anazo. Ila ana adabu kupita kiasi: alisimama mara mbili njiani, kumwamkia mpishi na kumpisha mwalimu wa ushonaji. Nilimwita kando. Kijiti kikishakuwa mkononi mwako, nikamwambia, usisimame kwa mtu yeyote duniani. Akauliza, hata kwako, Mwalimu? Hata kwangu! Aliitikia kwa utiifu ulionitia baridi kidogo. Sikujua kwa nini.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimefunga masanduku mawili. Nimemwomba mlinzi aliache geti wazi kesho, gari la mgeni lisisumbuke. Nafikiria kila kitu.

Mama alipiga simu kuuliza hali ya goti. Nikamwambia nahamia chini. Akauliza kama mashindano yamekwisha. Bado. Akasema, haya mwanangu, lakini sufuria usiifunge, utapikia nini?

Nimeifunga sufuria.

Jumamosi, 13 Septemba
Niandike kwa utulivu.

Risasi alipokea kijiti akiwa wa kwanza. Alipofika chini, nyuma yake palikuwa na hatua thelathini tupu. Thelathini! Utepe ukakatika. Mgeni rasmi akasimama, mikono mbele, uso umejaa tabasamu. Risasi akamwambia shikamoo. Akampita. Geti lilikuwa wazi, kama nilivyoagiza. Tulisikia viatu vyake barabarani, halafu hatukuvisikia tena.

Msichana wa bweni la chini alifika baadaye sana, akishuka kiubavuubavu kama kaa, ameshikilia uzio na machozi yakimtoka. Akakitia kijiti mkononi mwa mgeni. Makofi! Mwalimu wa hesabu alipiga kwa mikono miwili na mguu mmoja.

Risasi alirudi baada ya dakika arobaini, amepakiwa kwenye pikipiki ya muuza mboga. Alikuwa amefika sokoni. Kijiti bado anacho. Aliniuliza kama sasa anaruhusiwa kusimama.

Jumapili, 14 Septemba
Mwalimu wa hesabu amepanda mpaka huku na fimbo ya kutembelea, zawadi aliyoniletea. Bila shaka alikuwa na utani tayari. Ngazi zilimnyang'anya. Aliketi juu ya sanduku langu, akanywa maji bilauri mbili, ndipo akapata sauti. Pole dada, akasema, kumbe ni mbali hivi? Akapendekeza twende pamoja kwa mkuu, tuiombe shule ifute desturi hii, mabweni yapokezane majengo kila mwaka. Goti si la kuchezea. Alimaanisha. Nilimwona machoni.

Niliahidi kutafakari. Nimetafakari kwa dakika nne. Ni pendekezo la busara, na sioni kasoro yake. Lakini tangu lini aliyeongoza kwa hatua thelathini akaonewa huruma? Mbio hazikuwa na kosa. Maelekezo yangu yalifuatwa kikamilifu. Kosa, nikilipima bila upendeleo, lilikuwa mahali pa kile kiti cha mgeni.

Mwakani mgeni rasmi atakaa sokoni.

Masanduku sijayafungua.