Ruhusa ya Kumpita Mkurugenzi

Kwa niaba ya Idara ya Mwendo, Burudani na Adabu za Barabarani, nina furaha kuwatangazia wananchi wote wa Juba kwamba mbio za magari za kujifurahisha zimefanyika kwa mafanikio makubwa, kwamba gari lililo bora limepatikana, na kwamba limeshakabidhiwa kwa umma. Yanayosemwa kwenye vibanda vya chai vya Sherikat ni uzushi mtupu. Mimi Cirillo, katibu wa idara, nilikuwa ndani ya gari lililoshinda, kwa hiyo hakuna wa kunisimulia.

Kabla idara haijaingilia kati, hali ilikuwa mbaya. Kila Jumapili baada ya misa, watu waliorudi kutoka Uganda amani ilipopatikana walichukua magari yao yenye kasi wakaenda nayo barabara ya Nimule. Huko waliyakimbiza kwenye murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, wakayageuza kwa kuyaburuza matairi ya nyuma, kisha wakarudi wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakicheka. Hawakuwa na kamati. Hawakuwa na mgeni rasmi. Hotuba haikuwepo hata moja. Aliyeshinda hakupewa kitu, na aliyeshindwa alinunua soda. Watu wazima walikuwa wakifurahi hivihivi, bila kibali, na serikali ipo.

Kinara wao alikuwa Teresina, muuza vitenge wa Nyakuron, mwenye Datsun SSS nyekundu ya kabureta mbili. Gari hilo ndilo alilorudi nalo kutoka ukimbizini, yeye na mdogo wake Susan na cherehani moja kiti cha nyuma. Siku za kazi lilileta vitenge kutoka Kampala. Jumapili lilikuwa lake mwenyewe, na alilipenda waziwazi, kama watu wengine wanavyopenda watoto wao.

Niwaeleze jambo moja la kiufundi. Magari hayo yalitoka Uganda, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wake uko kulia. Huku kwetu nchi nzima ilikuwa imehamishiwa kulia juzijuzi tu, kwa amri. Basi dereva wa gari la Kampala akiwa nyuma ya lori haoni mbele kitu. Ndiyo maana Susan alikaa kushoto, akichungulia, akisema "ngoja" au "nenda", na Teresina akikanyaga bila kuuliza. Aliendesha kwa mguu wake na macho ya mdogo wake. Mtu akiwaona alidhani ni wazimu, lakini hawakuwahi kugusa hata mbuzi.

Jumapili moja Datsun hiyo ilimpita Mkurugenzi wetu, Bwana Yangi, akiwa safarini na dirisha wazi. Vumbi lilimwingia mdomoni. Mtu mwingine angekasirika. Mkurugenzi aliteua kamati.

Kamati, yaani yeye na mimi, ilitoa kanuni tatu, zikatangazwa kwa kipaza sauti kutoka Nyakuron hadi darajani. Ya kwanza: kila gari lenye kasi lazima lishiriki, litakalobaki nyumbani litachukuliwa, na gari lolote litakaloondoka kwenye mstari litahesabiwa mshindani, ili mtu asije akasema alikuwa anapita tu. Ya pili: hakuna raia kulipita gari la Mkurugenzi bila ruhusa, na ruhusa itatolewa kwa taa ya ishara, si kwa mdomo wala mkono, maana midomo na mikono imeleta ugomvi mwingi nchini. Ya tatu: gari litakalofika la kwanza, kwa kuwa limethibitika kuwa bora, litachukuliwa kwa ajili ya utumishi wa umma.

Kanuni ya tatu ilipokelewa kwa ukimya, nami nikauandika kuwa ni ukimya wa shukrani.

Nisifiche kitu: Mkurugenzi alikuwa ameshaagiza kibao cha namba za serikali kwa ajili ya Datsun, na kwake nyumbani walikuwa wanashona mto wa kiti.

Teresina alikuja ofisini. Hakukalia kiti alichoonyeshwa.

"Mudir," alisema, "hii gari ndio mimi nakula nayo. Vitenge itatoka Kampala namna gani kama gari hakuna?"

"Mama Teresina, hakuna anayekunyang'anya," Mkurugenzi alimwambia kwa upole wa kiofisi. "Unashindana. Ukishinda, mkoa mzima umeshinda."

"Na kama mimi nashindwa?"

"Huwezi kushindwa, mama. Tuna imani na wewe."

Alinyanyua mkoba wake. Mlangoni aliniinamia.

"Cirillo, ndugu yangu. Sheria inachukua ya kwanza tu?"

"Ya kwanza tu."

"Gari ya nani yoyote?"

"Lolote litakaloondoka kwenye mstari," nilimjibu, maana kueleza kanuni ni wajibu wangu.

"Kalas," alisema, akaenda zake.

Siku ya mbio, uwanja wa Nyakuron ulijaa watu. Idara ilikuwa imezihamisha mbio kutoka barabara ya Nimule hadi mjini, ili mgeni rasmi asisumbuke: kutoka Nyakuron, kupitia Thongpiny kando ya uwanja wa ndege, kuvuka daraja, hadi Sherikat. Kule mgeni rasmi, Naibu Waziri, alikuwa ameshakaa chini ya turubai, bendi ya polisi kushoto kwake na mbuzi wa kuchomwa kulia kwake.

Nilikagua washindani. Sijawahi kuona magari yenye afya mbaya namna ile. Loku, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, Ford Escort yake ilikuwa inakohoa.

"Leo iko na malaria," alinieleza, mkono nyuma ya mgongo. Mkononi alikuwa ameshika waya wa plagi.

Volkswagen ya mwalimu mmoja ilikuwa imebeba magunia ya mtama. Datsun ya Teresina peke yake ndiyo iliyong'aa, imeoshwa, inanguruma taratibu, na Mkurugenzi alipoisikia alitabasamu kama mtu anayesikia sufuria yake ikichemka.

Yeye alikuwa ndiye wa kufungua mbio rasmi. Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe likisubiri betri, kwa hiyo alikuja na gari lake mwenyewe, Peugeot 504 mpya rangi ya maziwa, aliyoileta kutoka Kampala kwa jasho lake na la wengine. Plastiki ya viti ilikuwa bado haijatolewa. Mpango ulikuwa atangulie hadi Thongpiny, awape ishara, Teresina ampite, na mambo mengine yajiendee. Mimi nilikaa kushoto na bendera mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kupanda gari hilo, maana siku nyingine huwa naambiwa nifuate kwa baiskeli.

Mkurugenzi alishusha kitambaa cha kufungulia mbio, akaondoka. Nao wakaondoka nyuma yetu.

Tulikwenda kwa mwendo wa heshima. Baiskeli zilitupita, lakini baiskeli hazikutajwa kwenye kanuni. Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alitembea kando yetu kipande kirefu, akamwuliza Mkurugenzi habari za nyumbani, akajibiwa. Nyuma, kila gari lilikuwa likimkaribisha mwenzake apite. Loku alitoa kichwa dirishani akimwambia mwalimu, "Wewe ni mkubwa, tangulia," na mwalimu akisema hapana, wewe una haraka. Katika maisha yangu sijaona wanamichezo wenye adabu kama wale.

Tulipofika Thongpiny, Mkurugenzi alipunguza mwendo zaidi, akasogea pembeni, akawasha taa ya kushoto.

Hapa tena panahitaji maelezo. Wote tuliokaa Uganda tunajua kwamba dereva wa mbele akiwasha taa ya kushoto anasema, mimi nabaki huku, wewe pita. Akiwasha ya kulia anasema, usipite, kuna hatari. Lakini nchi ilipohamia kulia, taa nazo zilihama. Idara yetu ilitoa waraka: kushoto sasa ni kukataza, kulia ni kuruhusu. Mkurugenzi aliusaini mwenyewe. Anasaini vitu vingi, na angekuwa anavisoma vyote asingepata nafasi ya kuongoza.

Kwa hiyo aliwasha kushoto, na Datsun ikasimama. Escort ikasimama. Foleni yote ikasimama, ikazima injini.

Mkurugenzi alisubiri. Susan alishuka, akaja dirishani, akakunja mikono kwa heshima.

"Mudir, salama? Kuna shida?"

"Hakuna shida. Piteni."

"Malesh, mudir, samahani. Mdomo ilikatazwa. Sisi tunangoja taa."

"Taa si hiyo inawaka?"

"Ndiyo, tunaiona. Tunaiheshimu sana," alisema Susan, akarudi garini.

Mkurugenzi aliniangalia. Nami niliangalia bendera. Kanuni za utumishi ziko wazi: mdogo hamsahihishi mkubwa mbele ya umma, bali humwandikia kwa njia ya masjala. Nilikusudia kumwandikia Jumatatu.

Tukaendelea. Alipunguza, wakapunguza. Aliongeza kidogo ili awachokoze, nao wakabaki nyuma kabisa wakinunua karanga barabarani. Kushoto, kushoto, kushoto, ile taa ililia njia nzima. Jasho lilimtoka, akalipangusa kwa kile kitambaa cha ufunguzi. Kwenye kioo nilimwona Teresina ameshika usukani kwa mikono yote miwili, meno yameuma mdomo wa chini. Mguu wake haukuzoea mwendo ule. Gari lile lilikuwa linataka kukimbia, na yeye alitaka kuliachia, na kila mtu aliyewahi kumwona siku ya Jumapili aliweza kuona anavyoumia. Daraja lilipokuja, na mbele kukawa tupu, injini yake ilinguruma mara moja. Susan akamwambia kitu. Nadhani ni "ngoja". Ikatulia.

Upande wa pili wa daraja tuliuona utepe wa kumalizia mbio, na turubai, na bendi ikaanza kupiga. Ndipo Mkurugenzi alipoelewa anakokwenda. Alikanyaga breki, akasimama utepe ukiwa mbele ya pua ya gari.

"Cirillo," alisema, "gari limeharibika."

"Injini inawaka, mudir."

"Limeharibika, nimesema."

Tulikaa. Nyuma yetu madereva walishuka, wakanyoosha miguu, wakaagiza chai. Bendi ilimaliza wimbo, ikaurudia. Mbuzi alikuwa ameiva. Mwishowe Naibu Waziri, ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi, alimtuma askari.

"Mheshimiwa anauliza unangoja nini," alisema askari. "Anasema ingia sasa hivi, watu wapate kula."

Mkurugenzi wetu ana sifa nyingi, na moja ni kwamba amri ya kutoka juu hajawahi kuikataa. Aliachia breki. Utepe ulikatika juu ya 504 taratibu, ukalala kwenye kioo. Sherikat nzima ilipiga makofi, na wapakiaji wa malori walipiga vigelegele ambavyo kwa kawaida ni vya akina mama.

Naibu Waziri alitoka kivulini, akalizunguka gari. Alipenda rangi.

"Kwa hiyo hili ndilo bora," alisema.

"Mheshimiwa, mimi si mshindani. Mimi ni mwenye mbio."

"Liliondoka kwenye mstari?"

Nilijibu mimi, kwa niaba ya idara. "Liliondoka, Mheshimiwa."

"Basi kwa nini hukuwapa ruhusa wakupite?"

"Niliwapa! Njia nzima niliwapa!"

Naibu Waziri aliinama, akaiangalia taa. Ilikuwa bado inawaka na kuzima, upande wa kushoto.

"Waraka wako ninao ofisini," alisema. "Kwa waraka huo, mpaka sasa hivi unawakataza. Nilikuwa sijui kama bado kuna viongozi wa kujitolea hivi." Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Nilimkabidhi kibao cha namba za serikali, kilichokuwa kwenye mkoba wangu, na kwa bahati nzuri mto wa kiti pia ulikuwepo. Ulimtosha vizuri. Baada ya kula, 504 iliondoka na mwenyewe mpya, ikavuka daraja ikitimua vumbi. Mkubwa akimpita mdogo, cheo hakihitaji taa.

Ndipo Mkurugenzi alipoanza safari ya kurudi mjini kwa miguu, nami nyuma yake na bendera. Baada ya muda tulisikia injini. Datsun ilikuja, ikatufikia, ikapunguza, ikabaki nyuma yetu. Escort nyuma yake. Volkswagen na magunia nyuma yao. Hakuna aliyethubutu kupita. Daraja zima lilijaa, na malori ya kutoka Nimule yakaanza kupiga honi.

"Piteni," alisema Mkurugenzi bila kugeuka.

"Hatuoni taa, mudir," alisema Teresina. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, na nilimwonea wivu. "Lakini nafasi iko. Ingia."

Susan alihamia nyuma, nami nikakaa naye. Mkurugenzi alikaa kushoto, kwenye kiti cha kuchungulia, magoti yamebana. Teresina aliendesha kwa adabu mpaka mwisho wa daraja, lakini hakuelekea mjini. Aligeuza pale pale, akarudi, akapita Sherikat, na mbele yetu ikafunguka barabara ya Nimule, nyekundu, ndefu, bila mgeni rasmi hata mmoja.

"Susan?" alisema.

"Nenda," alisema Susan.

Kiti kilinisukuma mgongo. Nilisikia changarawe zikipiga chini ya gari kama mahindi kwenye kikaango, na mtu fulani akicheka kwa sauti. Nilichunguza, nikakuta ni mimi. Mkurugenzi alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na dashibodi kwa mwingine.

"Polepole!" alisema. "Teresina! Nakuamuru, polepole!"

"Malesh, mudir," alisema Teresina, macho barabarani. "Mdomo ilikatazwa. Washa taa."

Mkurugenzi aliitafuta kila mahali. Lakini kijiti cha kuwashia taa, kama kwenye magari yote ya Kampala, kiko kulia, kwa dereva.