Vibao Ishirini na Viwili na Tiketi Moja

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu alikwenda ng'ambo kwa binti yetu aliyejifungua, kwa wiki sita. Leo ni wiki ya kumi na nne. Mapacha, anasema, hawalelewi na mtu mmoja. Nimewaona kwenye simu: mmoja analia, mwingine anamtazama anayelia. Nyuma yao kuna jiko jeupe, na mwenzangu ndani yake anajua vijiko vinakaa wapi.

Akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula, tena vizuri. Nilichokula ni mkate na chai yenye chumvi. Makopo mawili yanafanana, na anayejua lipi la sukari yuko ng'ambo.

Uamuzi: nitapanda ndege. Sitamwambia mtu. Nitatokea tu mlangoni, nimevaa kofia.

Nauli nimeiona. Ni sawa na vibao mia moja na arobaini ninavyoandika kwa brashi. Mwezi uliopita niliuza vitatu, na kimoja, cha MBWA MKALI, kilirudishwa. Mbwa amekufa.

Jumanne, 4 Juni

Kinyozi, jirani yangu, kasema Jumanne ndiyo siku ya nauli rahisi. Nikafungua simu saa mbili asubuhi. Imepanda! Nikafunga, nikafungua tena. Imepanda tena. Mtambo umenijua. Umeona nina hamu, na mwenye hamu huuziwa ghali hata nyanya.

Nikaziba kamera kwa karatasi na gundi. Wapi! Nikaazima simu ya kinyozi, nikavaa na miwani yake. Nikaulizia kwanza miji mingine, taratibu, kama mtu asiye na shida. Halafu ghafla nikaandika mji wa binti yetu. Imeshuka! Kinyozi akapiga makofi, mteja wake akapiga makofi. Kumbe ni nauli ya kwenda tu, bila mzigo, na kungoja saa kumi na tisa katika uwanja ambao hata jina lake sikuweza kulitamka.

Nikapitia ofisi ya tiketi. Binti wa pale, tunamwita Bi Tiketi, akanishauri kwa upole nisinunue peke yangu. Nikipata hela niende kwake, atanikatia, ada yake ni ndogo. Nikamshukuru. Moyoni nikacheka. Ada! Mimi niliyeandika nusu ya mji huu kwa brashi, nishindwe kubonyeza kitufe?

Ndara za mke wangu bado ziko mlangoni, zimetazama nje. Nimezigeuza zitazame ndani.

Alhamisi, 6 Juni

Wateja watatoka wapi? Hilo ndilo swali. Tangu kijana tunayemwita Stika alete mashine yake ya kuchapa vibao hapo ng'ambo ya barabara, watu wanamkimbilia yeye. Kibao chake kinatoka kwa dakika nne na hakinuki rangi. Cha mkono nani anakitaka?

Binti yetu aliniachia duka la mtandaoni. Linaitwa vibaovyamzee. Alisema, baba, we tulia, watu watatafuta, watakupata. Leo nimejitafuta mwenyewe. Nikaandika "vibao". Zikaja nyimbo: vibao vikali vya mwaka. Kisha wanaume wawili wakipigana vibao, watazamaji milioni mbili. Kisha vibao vya kukatia vitunguu. Nikashuka mpaka kidole kikafa ganzi. Nikajikuta ukurasa wa kumi na moja, chini ya muuza majeneza.

Nilikaa karakana, nikasugua brashi. Kisha nikaruka! Mtu anayeandika vibao vya watu miaka arobaini anangojaje kutafutwa? Nitawaandikia anwani yangu mbele ya macho yao. Wasitafute. Wajikwae!

Kwa nini sikuliwaza hili mapema? Kwa sababu mawazo yangu mazuri huwa yanakuja nikiwa nabishana na mtu, na humu ndani hakuna wa kubishana naye.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbili, mahali ishirini na pawili! Kioo cha kinyozi. Migongo ya mabenchi ya zahanati. Sanduku la mpiga viatu rangi. Mkokoteni wa muuza maji, pande zote mbili. Lango la kiwanda cha mbao. Mfuniko wa pipa la takataka la soko, maana kila mtu hulitazama kabla ya kutupa. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, mkono haukutetemeka hata kidogo.

Stika alisimama mlangoni pake kutwa, kikombe mkononi, akinitazama. Mwisho akavuka. Akauliza kama ile ndiyo anwani yenyewe hasa. Nikamwambia asome mwenyewe, au mashine ndiyo humsomea? Akasema sawa, mzee wangu. Akarudi ndani haraka haraka. Wivu!

Mke wangu kapiga simu. Ilibaki kidogo nimwambie. Nikauma ulimi. Yeye akaniambia mapacha wameanza kulala kwa wakati mmoja, na kwamba wakilala nyumba inakuwa kimya mpaka anakumbuka radio yangu. Radio ileile aliyokuwa akiipunguza kila nikiongeza. Tulipomaliza nikaiongeza mpaka mwisho. Hakuna aliyekuja kuipunguza. Nikaipunguza mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Oda: sifuri. Siku ya tatu.

Saa tano kinyozi akaja na wembe mkononi, kamwacha mtu ana povu nusu uso. Akasema mteja kafungua ile anwani ya kwenye kioo, kaona duka zuri sana, lenye picha ya Stika.

Nikaenda kutazama kioo. Vibaovymzee. Tena: vi-bao-vy-mzee. A haipo! Nikakimbia zahanati. Haipo. Mkokoteni nikaufukuza mitaa mitatu. Haipo, pande zote mbili. Stika aliliona kosa Jumamosi, akaingia ndani, akainunua anwani ile yenye kosa, akaiwekea bidhaa zake. Mahali ishirini na pawili, kwa mkono wangu, kwa rangi yangu, namtangaza yeye. Nimepigwa kibao na vibao vyangu mwenyewe!

Nimemwambia kinyozi kwamba miaka arobaini sijawahi kukosea herufi. Hapa naweza kuandika ukweli. Nimekosea sana. Ila mke wangu alikuwa akikaa na mimi karakana, anamenya viazi, na kabla rangi haijakauka anasoma herufi moja moja kwa sauti. "Mzee, umeila E." Nikila herufi, ananitemesha. Nusu ya mji huu niliyoiandika, aliisoma yeye kwanza.

Nimekuwa nikidhani nimemkumbuka kwa ajili ya chai.

Ijumaa, 14 Juni

Stika kaja. Hana hata haya. Kapata oda kupitia ile anwani: nyumba ya wageni inataka vibao thelathini na sita vya milangoni, vya kuandikwa kwa mkono. Mashine yake ina kila kitu isipokuwa mkono. Akaniomba niandike, tugawane. Nikamjibu kwamba mimi si kibarua wa mtu aliyekuwa akija kuniazima brashi. Akasema sawa, mzee wangu, yupo.

Adhuhuri mke wangu kapiga. Mmoja wa mapacha ameanza kucheka. Anacheka kama wewe, akasema, anaanza na bega. Nikaitazama simu ikihesabu dakika.

Nikavuka barabara. Nikamwambia Stika kwamba nimefikiria kwa faida yake.

Alhamisi, 20 Juni

Thelathini na sita vimekwisha. Stika alisimama nyuma yangu akisoma kila namba kwa sauti. Hana kosa, ila si sauti ile. Amelipa pale pale, bila kunizungusha, na nyumba ya wageni imelipa kila kimoja mara nne ya bei yangu. Ningependa awe mbaya zaidi, ningemchukia kwa raha.

Sasa: TIKETI NINAYO! Bi Tiketi sikumwona hata dirishani. Nimenunua mwenyewe kwa simu, kwenye tovuti ya wageni huko, nusu ya nauli ya wengine wote. Tarehe 11/7. Kumi na moja Julai, wiki tatu tu! Masharti yalikuwa marefu, nimeyakubali yote bila kuyachosha macho.

Nimenyoa. Kofia nimeipiga brashi. Nimejizoeza kugonga mlango: mara mbili, kisha kimya, kisha mara moja.

Ijumaa, 21 Juni

Anarudi! Kapiga asubuhi. Mama wa mkwe wetu amefika kuwashika wale mapacha, na mkwe kamkatia mke wangu tiketi. Jumapili ya tarehe thelathini. Nilipiga kelele mpaka kinyozi akaja na mteja. Tukakumbatiana wote watatu.

Saa moja baadaye nikakumbuka tiketi.

Mbio kwa Bi Tiketi. Akasoma simu yangu, akanitazama, akasoma tena. Akaniuliza, baba, Novemba unakwenda kufanya nini? Nikamwambia Julai. Akasema wale huanza na mwezi, halafu ndiyo tarehe hufuata. Kumi na moja ni mwezi. Saba ndiyo tarehe. Tena hairudishwi, haibadilishwi. Hakusema kitu kingine. Angesema tu, ningejitetea.

Niende Novemba, yeye akiwa hapa? Tupishane tena? Sitaki. Tiketi ife? Sitaki pia. Nikawaza, nikapata dawa. Nikampigia. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mapacha bado wadogo, bibi mmoja hatoshi, na kwa nini asikae mpaka Novemba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee, unanitaka au hunitaka?"

Nikasema, "Nakutaka sana. Novemba."

Simu ikakatika. Mtandao, nadhani.

Jumamosi, 29 Juni

Amenisamehe siku ya nne, nilipomwambia ukweli wote. Alicheka mpaka mapacha wakaamka. Kisha akavuta pua kidogo, akasema kumbe ulikuwa unakuja. Kesho anatua. Nimefagia, nimefua mapazia, nimeonja makopo yote mawili na kuyaandika kwa herufi kubwa.

Imebaki tiketi. Bi Tiketi anasema haiuziki, kwa sababu tiketi hufuata jina, na jina ni langu. Nikamwuliza, na kama mwingine ana jina hilohilo? Akakuna shavu. Akasema hajawahi kuulizwa. Basi! Majina yangu ni ya kawaida, yote matatu. Lazima yupo mahali mtu anayeitwa mimi na anayetaka kusafiri Novemba. Tangu Jumatano nimeandika mahali tisa majina yangu, na chini yake: UNAITWA HIVI? UNA BAHATI. Stika kanisihi niache. Wivu.

Wamekuja wanne. Mmoja ana majina mawili, ila kayapanga kinyume. Mwingine yuko tayari kubadili.

Mke wangu kapiga akiwa tayari uwanjani kule, begi mguuni. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba, kama nitakuja kumpokea. Nikamwambia, nitakosaje! Wiki kumi na saba!

Ila ndege yake inatua saa nne, na saa nne hiyohiyo kuna mtu anakuja karakana: jina la kwanza ni langu, la pili ni langu, la tatu tutaelewana. Nimemwomba mke wangu akishuka aangalie maduka ya uwanjani kidogo.