Witness Atafutiwa Masafa

"Elimu ya masafa imefika Issuna," alitangaza Bwana Chediel kwa kipaza sauti cha mnadani, "na kuanzia leo ni marufuku kuisogelea."

Watu wakapiga makofi. Jambo likitangazwa kwa kipaza sauti huwa na maana yake, hata kama maana yenyewe bado iko njiani.

Bwana Chediel ndiye Mratibu wa Masafa, mwenye kaunda suti ya rangi ya ugoro, imepigwa pasi hadi mifuko. Witness akamwendea. Alama zake za kidato cha sita zilipelea kidogo, na chuo kikuu kilimwambia wazi: soma kozi ya awali, ukifaulu njoo, usipofaulu baki ulipo. Kwa bahati nzuri, kwao ni nyuma tu ya kituo cha kozi hiyo. Kwa bahati mbaya pia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakaa wapi?"

"Hapo nyuma, kwa bibi Luciana. Kuku wetu ndio hao mezani kwako."

"Aa, binti! Hiyo ni elimu ya jirani. Huna masafa. Kayatafute."

Bibi Luciana alikuwa anapepeta mtama. "Masafa si ya redio?"

"Ya Bwana Chediel ni ya miguu, bibi."

"Haya. Serikali ikisema huna, huna." Akamfungia unga, karanga, na tetea wa kumpelekea shangazi.

Witness akahamia kwa shangazi huyo, Ulemo, akapata masafa mazuri mno. Mtandao ndio uliokosekana. Ulipatikana juu ya jabali, upande wanakoota jua mbuzi, na ukimpisha beberu kidogo tu, mwalimu anakatika katikati ya neno. Uchumi akausoma vipande vipande, akauunga mwenyewe kama mtu anavyoshona kibuyu kilichopasuka.

Siku ya mtihani akaitwa kituoni. Mlangoni Bwana Chediel akanyoosha mkono kama trafiki.

"Simama! Ukiingia, masafa yameisha."

"Sasa mtihani nitaufanyaje, baba?"

"Rudi nyuma. Rudi. Rudi tena, mpaka nisikujue sura."

Akarudi hadi mnadani, akaketi juu ya gunia la vitunguu la mama Stumai. Maswali yakasomwa kwa kipaza sauti kutoka ofisini. Na ili pasiwe na upendeleo, Bwana Chediel akaagiza: "Kila atakayesikia swali, ajibu!"

"Bei hupanda lini?"

"Mvua ikigoma!" wakajibu wafugaji.

"Mkwe akija!" akasema mama Stumai.

Witness aliinama, akaandika yake.

Mkaguzi Emiliana alifika siku hiyo hiyo kutoka mkoani, akasahihisha mnada mzima, maana utaratibu ni utaratibu. Witness alifaulu vizuri sana. Mama Stumai naye alifaulu, akauliza kama chuo kinaweza kusubiri avune.

"Na wewe, Mratibu," akasema mkaguzi, "maswali uliyasikia?"

"Nilikuwa nayasoma mwenyewe, mheshimiwa."

"Basi uliyasikia. Majibu yako yako wapi?"

Bwana Chediel akakohoa. "Mimi... nilikuwa karibu mno."

"Pole. Kumbe tatizo ni masafa."

Witness akaenda chuo kikuu, ambako walimwambia akae mstari wa mbele. Bwana Chediel akahamishiwa Kintinku, ila cheo chake kikabaki Issuna, akiongoze kituo kutoka huko huko. Na toka hapo, kwa kweli, kazi za kituo zinakwenda vizuri.